Earth, Wind & Fire walirudi na albamu kali 2013, mbona hakuna anayeiimba?

#1 KandaNyekundu
Wakuu salaam. Juzi nilikuwa kwenye harusi Sinza, saa tano usiku dj kaweka September ya Earth, Wind & Fire, ile bendi ya soul na funk ya Marekani, ukumbi mzima kuanzia wazee wa kamati mpaka watoto waliotakiwa wawe wamelala wamejaa kati. Nikarudi home usingizi hamna, nikaanza kuwasikiliza jamaa mfululizo mpaka nikafika albamu ya Now, Then & Forever, ile iliyotoka Septemba 2013. Sasa swali langu ndo hili. Albamu ile ni nzuri, narudia, NZURI. Besi ya Verdine White iko palepale, Philip Bailey alikuwa na miaka 62 na bado anapanda kwenye ile sauti nyembamba kama hana mwili, matarumbeta yapo ya kutosha. Na bado hamna wimbo hata mmoja humo ambao ukiuweka harusini mtu ataacha pilau lake. Mimi nasema kosa ni letu wasikilizaji, tunalia warudi, wakirudi tunawaambia "pigeni zile za zamani". Nipingeni.

#2 Sisimizi
Nimeweka kiti mbele kabisa. Ngoja waje wenye umri wao.

#3 Bw. Besi
Hapo hamna siri mkuu. Maurice White alikuwa ameshafariki, ukimtoa yule hiyo sio Earth, Wind & Fire tena, ni bendi inayopiga nyimbo za Earth, Wind & Fire. Yeye ndo aliianzisha Chicago 1969, yeye ndo aliandika, aliprodyuzi, aliimba sauti ya chini wakati Bailey anaimba ya juu. Utamu wote ulikuwa kwenye zile sauti mbili kupishana. 2013 imebaki ya juu tu, ni kama chai ina sukari haina majani.

#4 Dada wa Chumbageni
@Bw. Besi rekebisha hapo. Maurice alifariki tarehe 4 Februari 2016, albamu ilitoka yeye yupo hai. Alikuwa anaumwa Parkinson, aliacha kuzunguka na bendi katikati ya miaka ya 90 na mwaka 2000 ndo wakaweka wazi kwa watu. Ila hoja yako nakubali nusu, kwenye hiyo ya 2013 hayumo.

#5 Bw. Besi
Asante dada, nilichanganya. Hoja yangu iko palepale.

#6 msee_wa_Buru
Sasa wasee. Nyi watu wa Bongo mnaanza story katikati. Comeback yao haikuwa 2013, ilikuwa 1987. Bendi ilisimama 1984 baada ya ile albamu ya Electric Universe kuanguka, kila mtu akaenda kivyake, miaka mitatu kimya, halafu wakarudi na Touch the World. Buda yangu alinunua kaseti River Road na akajuta mpaka leo, anasema alitarajia kusikia bendi akasikia kompyuta. Hiyo ndiyo iliyowaua, mashine ya dramu. Hizo zingine zote za baadaye ni kuzikwa mara ya pili.

#7 Dada wa Chumbageni
Buda yako alijuta peke yake 😂 Wimbo wa humo, System of Survival, ulishika namba 1 kwenye chati ya R&B Marekani, na albamu ikapata dhahabu. Kama hiyo ni kuanguka basi na mimi niangushwe hivyo.

#8 msee_wa_Buru
Namba moja R&B sawa, kwa chati kubwa je? Huo wimbo haukuingia hata arobaini bora. Hawa ni watu ambao 1975 walikuwa na albamu namba moja na wimbo namba moja wa nchi nzima, Shining Star. Ukizoea ghorofa ya kumi huwezi kuniambia ya tatu ni ushindi.

#9 Yakhe79
Salaam aleikum jamaa. Nyinyi mwazungumza chati, mie ntawazungumzia kupuliza. Marehemu mjomba wangu alikuwa mpuliza tarumbeta hapa Mombasa zama za kina Slim Ali na Hodi Boys, mahoteli yote ya pwani yalikuwa na bendi ya soul wakati ule. Yeye alikuwa hasikilizi mwimbaji hata kidogo, alikuwa asikiliza wale wanne wa nyuma, Phenix Horns. Don Myrick kwenye domo la bata, yaani saksofoni, Louis Satterfield trombone, na matarumbeta mawili ya Rahmlee Davis na Michael Harris. Alikuwa akisema wale hawapulizi, wale wakata. Yaani sauti yaingia kama kisu na yatoka, hubaki na mapengo, na mapengo ndiyo yachezesha mtu. Sasa walipokuja wakaondoka wale, wakaletwa wapulizaji wengine wazuri tu wenye vyeti vyao, nota ni zile zile lakini mapengo hayako pahala pake. Mjomba alikuwa aweza kukwambia kwa sekunde tano hawa ni wale ama si wale. Mie ile ya 2013 nimeisikiliza, wapuliza vizuri, wapuliza kama watu wazuri walioajiriwa.

#10 NgomaHailali
@Yakhe79 huu ndo mchango sasa. Na hao wapuliza walienda wapi? Kwa Phil Collins, yule mwimbaji wa Uingereza! Walipiga kwenye albamu yake ya kwanza 1981 wakazunguka naye dunia. Halafu 1984 huyohuyo Phil Collins akamprodyuzia Philip Bailey albamu yake binafsi, ikatoka Easy Lover, Uingereza ikawa namba 1. Kachukua wapuliza, kachukua mwimbaji, aliacha nini hapo, vile vipambo vya jukwaani?

#11 Sisimizi
😂😂😂 aliacha joho la Verdine

#12 Bw. Besi
Lakini @NgomaHailali huoni unanisaidia mimi? Easy Lover ndo iliyomfanya Bailey awe na jina peke yake, na ndo maana 1987 kurudi kwao kulisikika, watu walikuwa bado wana joto la ule wimbo. 2013 hamna joto la kitu chochote, mtu anarudi kutoka baridini kwenda baridini.

#13 Dj Mchovu
Mimi ni dj wa mashughuli, send-off, kitchen party, mahafali, miaka 19 sasa. Nawaambia ukweli ambao hamtaupenda. Mtu hachezi wimbo, anacheza kumbukumbu. Nikiweka September yule mama wa miaka 60 hasikii Earth, Wind & Fire, anasikia ujana wake, na yule mtoto wa miaka 20 anasikia video za kwenye simu. Wimbo mpya wa bendi ya zamani hauna kumbukumbu ya mtu yeyote ndani yake. Sio mbaya, ila mtupu. Msanii mpya akitoa wimbo mpya watu wanautengenezea kumbukumbu kwa sababu wanamtarajia, mzee akitoa wimbo mpya wanasubiri uishe. Nenda kwa Msondo au Sikinde siku wakijaribu kuingiza mpya katikati ya zilipendwa, utaona foleni ya chooni.

#14 KandaNyekundu
@Dj Mchovu umerudia hoja yangu kwa maneno mazuri kuliko yangu, nakudai soda.

#15 Mzee Kibiriti
Shikamooni wenye kunizidi, marahaba kwa wengine wote. Mimi nina 71, nimefunguliwa akaunti na mjukuu. Nimecheka mlivyoanza kuongelea kaseti kama vitu vya makumbusho. Mwaka huohuo 1969 ambao bendi yenu inaanzishwa huko Chicago, sisi hapa Dar soul ilipigwa marufuku. Naam, Novemba 1969, mkoa wa Pwani, walisema inaharibu vijana, na sketi fupi na suruali za kubana zilikuwa zinasakwa kabla ya hapo. Basi tukawa tunacheza madirisha yamefungwa, jasho linatiririka, santuri moja inapigwa mpaka inakwaruza. Baadaye mambo yakalegea, wakaja Sunburst wakawa wanapiga mambo yao ya funk ya Kiswahili hapahapa mjini. Na zikaja kanda. Unapeleka TDK ya dakika 90 dukani Kariakoo na karatasi ya majina ya nyimbo, unaifuata baada ya siku mbili. Kanda ikijivuta unaizungusha kwa bairo.

Sasa hapo kwenye swali. Ukiwa na kanda moja kwa miezi minne utaipenda tu hata kama mbaya. Nusu ya hizo mnazoziita za dhahabu mimi mwanzo sikuzielewa, nimezizoea kwa kukosa nyingine. Albamu ya 2013 nani ameisikiliza mara arobaini? Wewe KandaNyekundu umeisikiliza mara ngapi?

#16 KandaNyekundu
Shikamoo mzee. Mara mbili. Na nusu.

#17 Mzee Kibiriti
Marahaba. Basi tuachane na bendi tuongelee nusu yako.

#18 Sisimizi
Uzi umefungwa na mzee 🙌

#19 msee_wa_Buru
Haujafungwa popote. Mzee heshima yako lakini hiyo inaeleza kwa nini tunazipenda za zamani, haielezi kwa nini za 1983 tulizikataa na tulikuwa bado na kaseti na shida ileile. Electric Universe tulirudia mara arobaini na tukaichukia mara arobaini. Mwaka 1981 Let's Groove, wiki nane juu ya chati ya R&B, miaka miwili baadaye albamu nzima haina hata moja ya kushika. Wasikilizaji ni walewale.

#20 Dada wa Chumbageni
Hapo msee una pointi na mimi naiongezea. Ukitafuta mwanzo wa tatizo usiende 1983, nenda 1976. Charles Stepney. Huyu ndo alikuwa anapanga vyombo, alijuana na Maurice tangu Maurice anapiga dramu studio za Chess pale Chicago, ndo alimsaidia kwenye That's the Way of the World. Kafariki Mei 1976 wakiwa bado wanatengeneza albamu nyingine. Baada ya hapo bendi ilijazia pengo kwa kukodi watu wa nje. Wimbo wa After the Love Has Gone wa 1979 umetungwa na David Foster na wenzie wawili, hamna mwanabendi humo. September yenyewe ina mkono wa Allee Willis. Sisemi ni vibaya, nasema walizoea kununua mtungi kwa jirani, siku jirani akihama ndo unagundua hamna kisima.

#21 NgomaHailali
Dada hapo kwenye September ngoja nikutetee bendi, Al McKay mpiga gitaa ndo alianza na ule mkwaruzo wa gitaa, na Maurice ndo aliyeng'ang'ania ile "ba-dee-ya" ibaki. Allee Willis alikuwa anataka maneno yenye maana kabisa, Maurice akagoma. Leo dunia nzima inaimba neno lisilo na maana na inaliimba kwa hisia.

#22 Dj Mchovu
Harusi zangu zote wanaimba "badia, badia", bwana harusi mmoja aliitwa Badi akajua ameimbiwa yeye.

#23 Sisimizi
Chai hiyo mkuu 😂

#24 Muscat_Mrima
Jamani mmeiruka ya 2005, Illumination. Mie nlikuwa Muscat wakati ule, nlinunua CD original dukani kwa bei ya kuumiza. Ile ndo kurudi kwenyewe haswa kwa sababu walifanya kile ambacho kila mtu huwaambia wazee wakifanye, shirikianeni na vijana. Raphael Saadiq yumo, will.i.am yumo, Jimmy Jam na Terry Lewis wamo, Brian McKnight yumo. Na Maurice bado alikuwemo kwenye kazi za studio. Wakateuliwa Grammy ya albamu bora ya R&B. Sasa niambieni nani hapa anaweza kuniimbia hata mstari mmoja.

#25 Bw. Besi
...

#26 Dada wa Chumbageni
...

#27 Muscat_Mrima
Nlijua. Na mie nlonunua siwezi. Kila prodyuza kaleta bendi yake ya kichwani, ukisikiliza ni kama kutembea maduka kumi yenye kibao kimoja nje. Kwa hiyo nyie mnaosema 2013 imekosa vijana, vijana walishaletwa wakashindwa.

#28 KandaNyekundu
Kwa haki ya 2013, walijifunza hapo. Safari hii hawakuita mastaa, walibaki na Verdine, Bailey na Ralph Johnson, wakamleta Larry Dunn wa zamani agonge kinanda, na kijana wa Bailey, Philip Bailey Jr, akawa anaimba. Ilianza namba 11 kwenye chati kubwa ya Marekani, sio mchezo kwa bendi ya miaka 44. Nikiwaza hivyo naona labda hata swali langu lilikuwa baya.

#29 msee_wa_Buru
Namba 11 wiki ya kwanza ni mafans waaminifu wamenunua siku moja wakamaliza. Angalia wiki ya pili na ya tatu ndio ujue wimbo umetembea ama umelala.

#30 Bw. Besi
Na kuna hili mmelisahau, kulikuwa na toleo la diski mbili. Diski moja nyimbo mpya, diski ya pili NYIMBO ZA ZAMANI. Yaani unamtambulisha mke mpya ukiwa umemleta na yule wa kwanza amependeza kuliko siku ya harusi yake. Lebo wenyewe walikuwa hawana imani.

#31 Dada wa Chumbageni
Au walikuwa na akili ya biashara. Kampuni yenye katalogi ya zamani haihitaji wimbo mpya upendwe, inahitaji jina litajwe redioni mwezi mmoja ili watu wakastrimu September. Albamu mpya ni tangazo la albamu kuukuu. Ukiliangalia hivyo hamna aliyeshindwa.

#32 Yakhe79
Dada hilo laumiza kuliko yote yalosemwa humu.

#33 Mzee Kibiriti
Mjukuu amenisomea yote. Naomba kuchepuka kidogo. Huyo Maurice wenu alikuwa anapiga kalimba jukwaani, kile kisanduku cha vyuma cha kugonga kwa vidole gumba. Je mnajua kimetoka wapi?

#34 Sisimizi
Kigoma

#35 Mzee Kibiriti
Kaa kimya wewe. Wagogo wanacho miaka yote wanakiita ilimba. Marehemu Hukwe Zawose alikuwa anakipiga kikubwa chenye vyuma vingi mpaka unadhani wako watu watatu. Mimi nilipoona picha ya yule Mmarekani amekishika kama mtoto mchanga nilijiambia huyu ni wa Dodoma tu amepotea njia.

#36 NgomaHailali
Mzee wangu umenifurahisha, ila niongezee ukweli kidogo. Hiyo ya Maurice haikutoka Dodoma moja kwa moja. Jina kalimba na ule muundo wa kuuza madukani ni kazi ya Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika kurekodi muziki, kiwanda chake kilikuwa Afrika Kusini. Ila Tracey huyohuyo alipita Tanganyika 1950 akawarekodi Wagogo, kwa hiyo ndugu wa ukoo mmoja wamekutana ugenini. Maurice alikuwa anaitumia tangu akiwa mpiga dramu wa Ramsey Lewis, yule mpiga piano wa jazz, miaka ya 60 mwishoni. Na hili ndo nalitaka kuliingiza kwenye mjadala, sikilizeni albamu za 1973 na 1974 kalimba iko mbele kabisa, ndo harufu ya bendi. Kadiri miaka inavyokwenda inakuwa pambo. 2013 mwenye vidole hivyo hayumo. Watu wanasema wamekosa sauti ya Maurice, mimi nasema wamekosa gumba zake.

#37 Bw. Besi
Kwa hiyo unakubaliana na mimi #3.

#38 NgomaHailali
Sikubaliani, wewe ulisema ameshafariki.

#39 Sisimizi
😭😭

#40 msee_wa_Buru
Manze hebu mtu atoe explanation ya nyota basi. Jina la bendi limetoka kwa nyota za Maurice, chati yake ilikuwa na ardhi, hewa na moto, maji hakuna. Ndio maana imekauka.

#41 Yakhe79
Astaghfirullah. Twende na mapengo ya mjomba yatosha.

#42 Dj Mchovu
Wakuu nina jaribio. Jumamosi nina send-off Tabata. Nitaingiza My Promise ya hiyo albamu ya 2013 katikati ya seti ya zamani, sitangazi, sibadili taa, naunganisha tu kutoka Boogie Wonderland. Halafu nawaletea majibu. Kama ukumbi ukitoka mzee Kibiriti ananilipia nauli ya spika.

#43 Mzee Kibiriti
Sijaahidi.

#44 KandaNyekundu
Tunasubiri. Weka dakika walizokaa.

#45 Dj Mchovu
Nimerudi, samahani jana nilikuwa hoi. Nimeweka saa nne na robo. Nusu dakika ya kwanza hamna aliyejua, waliendelea tu. Kikaja kiitikio, nikaona vijana wameanza kuangaliana, wengine wakarudi mezani, naweza sema theluthi. Waliobaki ni wamama, ile line ya mbele ya vitenge vya sare, hawakutoka hata mmoja mpaka mwisho. Nikajiambia KandaNyekundu kashinda. Halafu shangazi wa bibi harusi akaja kwenye mashine, kaniinamia sikioni, kasema "mwanangu hii nzuri sana, zamani tulikuwa tunaicheza mno, hebu irudie".

#46 Bw. Besi
Zamani ipi sasa, 2013?

#47 Dj Mchovu
Sikumuuliza mkuu. Nikairudia.

#48 Dada wa Chumbageni
Na wale theluthi walirudi?

#49 Dj Mchovu
Walirudi kwenye September.